Msala Ambao Haukufika



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumeazimia kuzungumzia mambo mawili ambayo wengi huyaona madogo: kazi ya mkono ambayo mtu huifanya kwa kuipenda, na kuuzuru mji mdogo aliozaliwa. Hatutayasema kama mtu aliyesimama juu ya mimbari. Tutayasema kama mtu aliyekosea, akarekebishwa na dada yake, akaona ni wajibu awahadithie wenzake ili nao wasije wakakosea.

Kwetu sisi ni Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Amu. Ni mji mdogo uliojengwa kati ya mchanga na mikoko, na watu wa pwani wanaujua kwa kazi mbili. Wanaume wake huunda majahazi, na wanawake wake husuka miyaa. Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa majahazi. Mama yetu alifariki sisi tukiwa na umri wa miaka saba, na tangu siku ile aliyetulea ni dada yetu mkubwa, ambaye naye wakati huo hakuwa ametimiza miaka kumi na sita.

Kwa miaka mingi, kila mwezi wa Shaaban ulipoingia, lilikuwa likitufikia hapa Mombasa furushi lililofungwa kwa kamba ya makumbi. Ndani yake mlikuwa na msala mmoja wa miyaa, mpya, wenye harufu ya jua, na rangi ya zambarau na kijani ikizunguka ukingoni. Dada yetu alikuwa akiusuka tangu Rajab ili tuingie nao Ramadhani. Hakuwahi kututumia barua wala kutupa maelezo. Msala wenyewe ndio uliokuwa barua.

Mwaka huu Shaaban iliingia ikatoka, na furushi halikuja. Tutasema kweli: hatukushughulika. Hata tulifurahi kidogo, kwa kuwa tulidhani nasaha yetu imekubaliwa. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumempigia simu tukamwambia maneno ambayo wakati ule tuliyaona ya huruma. Tulimwambia, "Dada, umri umekwenda na macho yako hayaoni vyema. Miyaa ya nini tena? Misala imejaa madukani, tutakununulia wewe na tutajinunulia sisi. Pumzika, ushike tasbihi yako. Pesa za matumizi tutakuletea kila mwezi." Naye alijibu neno moja tu, "Haya." Nasi tukakata simu tukijiona tumetimiza haki ya udugu.

Aliyetuzindua ni binti yetu mdogo, mwenye miaka kumi. Usiku mmoja wa Ramadhani alikuwa akitandika misala ya tarawehe nyumbani. Akausimamia ule wa zamani, uliokwisha kuchakaa pembeni, akauliza, "Baba, shangazi ametukasirikia?" Tukamwambia la. Akauliza tena, "Basi mbona hakutuletea? Na mbona sisi hatuendi kwake?" Hatukuwa na jawabu. Tulihesabu miaka kimoyomoyo, tukakuta ni tisa tangu tuliposhuka mara ya mwisho katika pwani ya Matondoni. Miaka tisa ya darasa, ya khutuba, ya kufungisha ndoa za watu na kuzika maiti za watu. Katika khutuba hizo tulihimiza kuunga udugu mara zisizo na idadi.

Likizo ya Aprili, baada ya Idi, tukasafiri sote, sisi na ahli yetu na binti yetu. Basi lilipita Malindi, likapita Garsen na Witu, likatufikisha Mokowe. Njia ile iliyokuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, leo ni lami. Mokowe tukapanda mashua. Mara ikatokea mikoko, ikatokea minazi, na kisha jahazi bichi lililosimama juu ya magogo likiwa bado mbavu tupu. Kabla hatujashuka tulisikia mlio wa tezo, na pua zetu zikapata harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa mbao. Tuliona haya mbele ya ahli yetu kwa machozi yaliyotutoka.

Mji umebadilika. Palipokuwa na makuti pana mabati, na palipokuwa na giza pana nguzo za umeme. Wazee waliokuwa wameketi barazani hawakututambua mpaka tulipotaja jina la baba yetu. Hapo wakainuka. Hapana aliyetuita sheikh. Tulikuwa mwana wa fundi tu, na cheo hicho kilitutosha.

Tulimkuta dada yetu chumbani, ameketi juu ya kitanda cha kamba, tasbihi mkononi, uso kaelekeza ukutani. Nyumba ilikuwa safi na kimya. Tulibusu mkono wake. Alitupapasa uso kwa vidole, kwa kuwa mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, akasema, "Mwanangu, umekonda." Kisha akamvuta binti yetu akamkalisha ubavuni pake. Hakutulaumu kwa lolote, na kutolaumiwa huko kulituuma kuliko lawama.

Ilipokwisha sala ya alasiri, tukasikia sauti za wanawake wakipita kichochoroni, wamechukua mafungu ya miyaa, wakielekea ua wa jirani. Dada yetu aligeuza kichwa kuwasikiliza mpaka sauti zikapotea. Hakuinuka. Tukamwuliza, "Huendi nao?"

Akasema, "Uliniambia nipumzike. Nimepumzika."

Usiku ule ahli yetu alituhadithia aliyoyasikia kwa mama jirani. Kwamba tangu siku ya simu yetu, dada yetu alikusanya miyaa yake yote, na kili alizokuwa amekwisha kuzisuka, na shazia ya kushonea, akazigawa. Kwamba mwanzoni wenzake walimwendea kila siku kumwita, naye akiwajibu kuwa ndugu yake ni mwanachuoni, na amesema kazi ile haina maana kwa mtu wa umri wake. Kwamba baada ya miezi kadhaa waliacha kumwita wakichelea kumkera. Na kwamba sasa hupita juma zima asizungumze na mtu, isipokuwa mjukuu wake anayemletea chakula.

Wasomaji wetu, sisi hatukusema kuwa kazi ile haina maana. Lakini ndivyo alivyosikia, na mwenye elimu ataulizwa pia juu ya namna neno lake linavyowafikia watu. Tulidhani tunampunguzia taabu, kumbe tulimwondolea majirani zake. Ua ule wa alasiri ndio mahali wanawake wa mji wetu hujua nani anaumwa, nani kajifungua, nani hana chakula cha usiku. Vidole vikisuka, ndimi hufunguka. Hapo husomwa kasida, hapo msichana hufunzwa adabu za ndoa bila ya kuona haya, hapo mjane husahau upweke wake. Hatusemi kwamba hapasemwi pia lisilofaa, kwa maana penye watu usengenyaji haukosekani. Lakini dawa ya hilo ni kukumbushana, si kumfungia mtu ndani.

Na macho? Mama jirani alicheka ahli yetu alipomtajia macho. Akasema dada yetu alikuwa amekwisha kuacha kutazama miyaa tangu ujana wake. Huusuka ukili gizani ukatoka umenyooka, na wenye macho wakashindwa.

Usingizi haukutujia usiku ule. Tulikumbuka chumba kile kile katika utoto wetu, kibatali kimewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Dada yetu alikuwa akisuka, nasi tukimsomea sura tulizopewa chuoni siku ile. Yeye hakupata kusoma chuo kwa muda mrefu, alitolewa kwa ajili ya kutulea. Lakini alikuwa akisikiliza, na kwa kusikiliza akaihifadhi Juzuu Amma yote. Tulipokosea hakutukatiza kwa maneno. Miyaa husema kwa sauti ndogo inaposukwa, kama mchakato wa majani makavu, na sauti ile ilipokoma tulijua kuwa tumekosea. Tulirudi nyuma, tukasoma tena, mpaka miyaa ikaendelea.

Ukili hupimwa kwa pima, na pima moja ni dhiraa nne. Hatujui ni pima ngapi zilizonunua msahafu wetu wa kwanza, wala ni mikeka mingapi iliyonunua kanzu yetu na nauli yetu ya kuja Mombasa kusoma. Hayo yote yalitoka katika vidole vile. Nasi pia tulijua kusuka. Alitufunza, tukawa tunamsaidia, mpaka siku vijana wenzetu walipotuona wakatucheka kuwa tunafanya kazi ya kike. Tukaitupa miyaa chini, na tangu hapo hatukuishika.

Leo watoto wetu shuleni hufunzwa kuwa jambo alipendalo mtu kulifanya wakati wa faragha huitwa uraibu. Wazee wetu walilitumia neno hilo kwa tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu akivizoea haviachi. Huenda ndiyo sababu sisi watu wa elimu tumekuwa tukiusikia uraibu kwa sikio la shaka, tukauweka pamoja na upuuzi. Lakini tukiitazama sira tunaona picha nyingine.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa Bibi Aisha juu ya mambo yake nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Alishindana naye mbio, akashindwa mara ya kwanza, akashinda mara ya pili. Alipomkuta mtoto Abu Umayr na huzuni ya kufiwa na kindege chake, hakumwambia kuwa kindege ni upuuzi, bali alizungumza naye juu ya kindege hicho. Na Hanzala alipoingiwa na khofu kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu moyo wake haukai katika hali moja, yaani mbele ya Mtume huwa hivi na kwa mke na watoto huwa vingine, alifundishwa kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim.

Kina mama na dada zetu, hasa tungependa mkumbuke habari ya Bibi Zaynab binti Jahsh. Mtume aliwaambia wakeze kuwa atakayemfuata mwanzo baada ya kufariki kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenzake. Wakawa wanapimana mikono. Alipotangulia Zaynab ndipo wakafahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa sadaka, kwa kuwa Zaynab alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na akitoa kinachopatikana. Basi mkono unaosuka, unaoshona kofia ya viua, unaopika visheti kwa ajili ya jirani, usidharauliwe. Huenda ndio mrefu kuliko mikono yetu sote.

Na juu ya kuupenda mji wa kuzaliwa, tunamkumbuka Bilal. Alipohamia Madina akashikwa na homa, aliyoyatamani hayakuwa makasri. Alitamani alale tena usiku mmoja katika bonde la Makka akizungukwa na majani ya idhkhir na jalil. Ni nyasi tu hizo! Mtume hakumkemea. Alimwomba Mola awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Tuliisomesha hadithi hii miaka mingi bila ya kuelewa kwa nini mtu mzima alilie nyasi. Tulielewa usiku ule, tulipoisikia miyaa ikianikwa juu ya paa la jirani ikipigwa na upepo.

Siku ya pili, baada ya alasiri, tuliomba kwa jirani fungu moja la miyaa iliyokwisha kuchanwa. Tukainyunyizia maji ilainike, tukaketi chini, miguuni pa dada yetu, tukaanza kusuka. Vidole vyetu vimezoea kalamu na kurasa, na havikukumbuka kitu. Binti yetu akacheka. Ahli yetu akatazama pembeni. Dada yetu alikaa kimya kwa muda, tasbihi imesita mkononi. Kisha akanyosha mkono, akaupapasa ukingo wa ukili wetu kwa kidole gumba.

"Umelegeza," akasema. "Fumua."

Tukafumua. Tukaanza tena, akapapasa tena, akasema tena tufumue. Mara ya tatu tukamwambia, "Dada, tulikukosea. Neno lile la simu hatukulijua uzito wake. Tusamehe." Hakujibu. Aliteremka kitandani akaketi nasi juu ya sakafu, akaweka tasbihi mfukoni, akatunyang'anya miyaa. "Ndoo hapa, mwanangu," alimwambia binti yetu kwa Kiamu chake. "Shika ncha hii. Babako alikuwa na haraka tangu utotoni."

Na ile sauti ndogo ya majani ikaanza.

Siku ya tatu, wanawake walipopita kichochoroni, dada yetu aliinuka bila ya kuitwa. Ahli yetu alimshika mkono mmoja na binti yetu mwingine, wakaenda naye mpaka kwenye ua wa jirani. Sisi tulibaki barazani pamoja na wazee. Tulisikia kelele za furaha zilizopokea kuingia kwake, na vigelegele. Baada ya kitambo tulisikia sauti yake mwenyewe ikimkosoa mtu. Alhamdulillah.

Wenye nyumba, tunakunasihini kwa yale tuliyojifunza kwa gharama. Kwanza, msimzuie mzazi wala mzee kazi ya mkono wake kwa kisingizio cha kumhurumia. Kama macho yamepungua, mtafutieni daktari, nasi tumekwisha kuweka miadi ya kumpeleka dada yetu. Kama mgongo unauma, mletee kiti. Kumtumia pesa ni wema, lakini pesa haziwezi kuketi naye alasiri. Pili, ulizeni kabla ya kununua. Kitu cha dukani kinaweza kuwa rahisi na kizuri, lakini pengine kile cha nyumbani ndicho kinachomfanya mtu ajione bado anahitajiwa. Tatu, watoto wetu ambao mikono yao imejaa simu, wapeni kazi ambayo wataiona ikikua mbele ya macho yao, iwe ni ukili, kofia, bustani, au mashua ya kuchezea. Mizani yake ni nyepesi: isicheleweshe sala, isile haki ya mtu, isiwe na kamari ndani yake, na isimtoe mtu katika heshima yake. Ikisalimika na hayo, ni neema. Na nne, uzuruni mji wenu ilhali wako hai wale watakaowatambua. Ukingoja habari ya msiba, utafika kuwazika tu, na hakuna atakayekupapasa uso akwambie umekonda.

Siku ya kuondoka, dada yetu hakutupa msala. Alimpa binti yetu bunda la ukili, kiasi cha pima tatu, ambalo nusu alisuka yeye na nusu, ile iliyopinda, alisuka mtoto. Akamwambia ausuke mpaka utimie pima kumi, kisha auleta mwenyewe Matondoni ushonwe huko. Tukamwambia kuwa hata Mombasa wako wa kushona. Akasema, "Wako. Lakini ukishonwa huko hamtakuya."

Kila baada ya magharibi sasa, binti yetu huketi ukumbini na ukili wake, nasi humsikiliza Juzuu Amma yake huku akisuka. Anapokosea aya, vidole vyake husita kwanza kabla ya ulimi. Amekwisha kufika pima ya tano. Likizo ya Agosti, inshallah, tutaupeleka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri wenye kheri na afya, atusamehe neno lililomvunja mtu moyo nasi hatujui, na asitufikishe makwetu tukiwa tumechelewa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.